Watu Huhesabuje? Hotuba kwa Walimu na Wazazi, Kisumu

Haya ni maneno yote ya hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa hisabati wa shule za msingi na wazazi waliokusanyika hapa Kisumu. Nayaweka yalivyo kwa ajili ya wenzetu waliozuiwa na mvua au na kazi za shamba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi wetu wapendwa, na ninyi wanafunzi mlioketi pale nyuma, hamjambo?

Nimealikwa kuzungumza juu ya nambari, na mwenyekiti alipolitaja neno hilo niliona nyuso kadhaa zikibadilika. Msiwe na wasiwasi, sitamwita mtu ubaoni. Ninachotaka tukitafakari ni jambo linalotangulia kujumlisha na kutoa: watu huhesabuje? Huanzia wapi, hufika wapi kabla ya kuanza upya, huandikaje walichokihesabu, na ni vitu gani wanavyokataa kabisa kuvihesabu? Ng'ombe saba zizini ni saba, awe anayewatazama ni Mluo, Mnandi, Mhindi au Mfaransa. Lakini njia ya kuifikia hiyo saba, kuitamka na kuiandika imetengenezwa na watu, nao waliitengeneza kwa kufuata kazi iliyokuwa mbele yao na hofu iliyokuwa moyoni mwao. Mwalimu asiyelijua hilo atamhukumu vibaya mtoto wa Nyando au wa Bungoma, anayeingia darasani mara ya kwanza akiwa tayari na namna mbili tatu za kuhesabu kichwani.

Tuanzie mkononi. Humu ukumbini wengi mnazungumza Dholuo, kwa hiyo nisaidieni: achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich. Hapo mkono umejaa. Tuendelee: auchiel, abiriyo, aboro. Mmesikia? Ndani ya auchiel kuna achiel, na ndani ya abiriyo kuna ariyo. Aliyeunda maneno hayo alikuwa amemaliza vidole vya mkono mmoja, akaingia mkono wa pili, akawa anasema tano na moja, tano na mbili. Ulimi umeyabana maneno hayo kwa muda mrefu hata sisi tunaoyatumia kila siku hatusikii tena viungo vyake, lakini mkono wa yule mhesabuji wa kale bado umo.

Si kila mtu aliridhika na mkono mmoja. Wayoruba wa Nigeria walichukua mikono na miguu yote, wakahesabu kwa ishirini, tena kwa kupenda sana kutoa. Kumi na sita kwao ni ishirini kasoro nne. Arobaini na tano wanaifikia kwa kuanza na sitini, wanaondoa kumi, kisha wanaondoa tano. Mnaona ni kujisumbua? Basi mkumbuke kwamba sisi wenyewe tunasema saa tatu kasorobo bila kutokwa jasho. Wafaransa nao, ukiwauliza tisini na saba, watakwambia ishirini nne, na kumi na saba, ilhali jirani zetu wa Kongo, ambao Kifaransa chao kilipitia kwa Wabelgiji, wana neno moja fupi la tisini na hawaoni sababu ya kuzunguka hivyo.

Ninaowapenda zaidi ni Waoksapmin wa Papua New Guinea. Wao huhesabu kwa mwili. Huanzia kidole gumba cha mkono mmoja, hupita vidole vyote, kifundo, mkono wa chini, kiwiko, mkono wa juu, bega, shingo, sikio, jicho, hufika puani kwenye kumi na nne, kisha hushuka upande wa pili hadi kidole cha mwisho, na hapo ni ishirini na saba. Pua ni nambari. Sikio ni nambari. Kisha wakaja Waaustralia na fedha zao, pauni moja ikiwa shilingi ishirini. Waoksapmin walifanya nini? Hawakuiacha hesabu ya mwili. Walihesabu shilingi hadi kiwiko cha upande wa pili, ambacho ndicho ishirini, wakasimama hapo, wakaita hiyo pauni moja, wakarudi kuanza kwenye kidole gumba. Kazi mpya ilipofika, chombo cha zamani kilikatwa kikaifaa.

Na msidhani mambo haya yako mbali. Nendeni soko la Kibuye siku ya Jumapili, msimame karibu na muuza mayai. Huyo hahesabu kwa kumi. Anahesabu kwa trei, na trei ni mayai 30, safu sita za mayai matano matano. Mwombe mayai 100 utaona midomo ikicheza kidogo kabla hajasema: trei tatu na kumi juu. Hatua chache kutoka hapo, anayeuza soda kwa jumla anahesabu kwa kreti ya chupa 24, na mwenye vikombe anauza kwa dazani, yaani 12. Mama wa omena hahesabu chochote, kwa maana ni nani atakayehesabu omena? Anapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na mabishano yote kati yake na mnunuzi ni kama gorogoro litajazwa hadi lifanye kilele au litasawazishwa kwa kiganja. Mtoto anayemsaidia mama yake sokoni siku hiyo amefanya kazi katika hesabu ya thelathini, ya ishirini na nne na ya kumi na mbili, na Jumatatu asubuhi tunamwambia kwamba hajui hisabati.

Sasa, kuhesabu ni jambo moja, na kuandika hesabu ili mtu ambaye hakuwapo aisome ni jambo jingine. Hapa nitakaa kidogo, nivumilieni.

Kazi hiyo haikuanza mbali na hapa. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo pale Ishango, kando ya Ziwa Edward, upande wa Kongo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na juu yake kuna mikato iliyopangwa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni wenyewe: kila moja ya safu hizo mbili inatoa 60. Wako wanaosema ni kalenda ya mwezi, wako wanaosema ni mchezo wa hesabu, na wako wanaosema mikato ile iliwekwa tu ili mkono usiteleze. Mimi sitaki kuupa mfupa ule shahada ambayo haukuiomba. Lakini mtu aliyekata alama kwenye mfupa, fungu kwa fungu, alikuwa na jambo ambalo hakutaka kuliachia kumbukumbu peke yake.

Ili tuone jinsi walimwengu walivyotofautiana baada ya hapo, tuchukue mwaka ambao kila Mkenya anaujua, 1963, tuwape kazi ya kuuandika. Mrumi angeandika MCMLXIII, herufi nane. Urefu wa maandishi ya Kirumi hauna uhusiano wowote na ukubwa wa nambari: 888 inahitaji herufi kumi na mbili, lakini 1,000 ni herufi moja tu. Mmisri wa enzi za mafarao angechora ua moja la yungiyungi kwa elfu, kamba tisa zilizoviringwa kwa mia tisa, alama sita za umbo la upinde kwa makumi, na vijistari vitatu. Alama kumi na tisa! Lakini uzuri wake ni kwamba ukizivuruga, ukaliweka ua mwisho na vijistari mwanzo, bado ni 1963, kwa sababu kila alama imebeba thamani yake popote iendapo.

Mbabeli alikuwa mtu wa namna nyingine. Alibonyeza kijiti kwenye udongo mbichi, na alihesabu kwa sitini. Kwake 1963 ni 32 kisha 43, kwa maana sitini mara thelathini na mbili ni 1,920, na arobaini na tatu ndiyo iliyobaki. Tazameni alichokifanya: alama ileile inahesabika kama moja au kama sitini kulingana na mahali ilipokaa. Hilo ndilo wazo kubwa, thamani ya mahali, ambalo walimu hapa mnalifundisha kila muhula kwa vihesabio na mirija. Na sitini yake haikuwa ya kubahatisha tu, kwani inagawanyika kwa mbili, tatu, nne, tano, sita, kumi, kumi na mbili, kumi na tano, ishirini na thelathini, jambo linalompendeza yeyote anayewagawia watu shayiri. Dakika zetu sitini ni urithi wake. Ila Mbabeli alikuwa na tatizo. Kwa miaka zaidi ya elfu moja hakuwa na alama ya mahali patupu, kwa hiyo msomaji alilazimika kubahatisha kutokana na habari yenyewe kama alama iliyo mbele yake ni moja au ni sitini. Fikirini risiti ya namna hiyo.

Kule Peru, watu wa Inka hawakuandika kabisa. Walifunga mafundo kwenye kamba. Kwa 1963 wangefunga fundo moja juu mahali pa maelfu, mafundo tisa chini yake, kisha sita, na mwishoni fundo refu lililozungushwa mara tatu. Mahali pasipo na kitu waliacha kamba tupu. Huo ni mfumo wa kumi wenye thamani ya mahali na wenye nafasi ya sufuri, ulioendesha dola kubwa milimani bila kalamu wala karatasi. Nani atasema watu hao hawakuwa na maandishi ya hesabu?

Sufuri yetu hii tunayoiandika kwa duara ilitoka India. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kuitumia kama nambari kamili yenye haki zake: ukijumlisha sufuri unabaki ulipo, ukizidisha kwa sufuri unapata sufuri, na nambari ikiondolewa kwake yenyewe inatoa sufuri. Alisema pia kwamba sufuri ikigawanywa kwa sufuri ni sufuri, na hapo hisabati ya leo haikubaliani naye, jambo linalonifariji kila mwanafunzi anaponiuliza swali hilo nikakosa jibu fupi. Karne mbili baadaye, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliieleza hesabu ya Wahindi kwa Kiarabu. Na ikafikaje Ulaya? Ilipita hapa Afrika. Leonardo wa Pisa, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Fibonacci, alikuwa mtoto wa afisa wa forodha aliyewahudumia wafanyabiashara wa Pisa katika bandari ya Béjaïa, pwani ya Algeria ya leo. Huko ndiko kijana alikojifunzia tarakimu za Kihindi, na mwaka 1202 akawaandikia watu wa kwao kitabu cha kuzifundisha.

Je, walizipokea kwa furaha? La hasha. Mwaka 1299 chama cha wabadilishaji fedha wa Florence, mji wa Italia, kilikataza tarakimu hizo katika vitabu vya hesabu. Kiasi cha fedha kilipaswa kuandikwa kwa herufi. Inaelezwa kwamba waliogopa udanganyifu, kwa sababu sufuri ikiongezwa mkia inakuwa sita au tisa, na mtu mwenye kalamu na tamaa anaweza kuongeza tarakimu mwishoni ukafilisika. Mnacheka? Basi kila mmoja akifika nyumbani afungue kitabu chake cha hundi, au mkataba wowote wa kuuziana shamba. Fedha zimeandikwa mara mbili: kwa tarakimu, na kwa maneno, na mwishoni pamewekwa neno "tu" ili pasiongezwe kitu. Wachina nao wana herufi maalumu za nambari kwa ajili ya benki, zenye mistari mingi, ili moja isigeuzwe kuwa mbili au tatu kwa kuongeza mstari. Hofu ya Florence ya mwaka 1299 bado inalala kwenye saraka zetu.

Tukiwa bado kwenye mkataba wa shamba, angalieni bei: laki tatu, laki nane. Laki ni ya Wahindi. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, mji huu ukiitwa Port Florence, wafanyabiashara Wahindi walifungua maduka, na fedha ilikuwa rupia, ambayo mwanzoni iligawanywa katika sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Shilingi ilikuja mwaka 1921. Rupia ikaondoka, laki ikabaki. Ila tuliichukua nusu. Mhindi hukata nambari kubwa kwa namna yake: laki moja anaiandika 1,00,000, na laki mia moja zina jina lao, karori, inayoandikwa 1,00,00,000. Sisi tunatamka laki kwa mdomo wa Kihindi, halafu tunaiandika 100,000 kwa mkono wa Kiingereza. Mjerumani angeweka nukta mahali petu pa mkato, na mkato mahali petu pa nukta, kwa hiyo 1.500 yake ni elfu moja na mia tano. Bilioni nayo ilikuwa na mgogoro wake, kwani Waingereza waliizoea kuwa milioni ya mamilioni hadi serikali yao ilipohamia maana ya Kimarekani mwaka 1974. Sitaendelea na hilo. Anayeagiza bidhaa kutoka nje atanielewa.

Nageukia jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni mahali pa kuanzia.

Pandeni matatu ya kwenda Busia. Mkifika Maseno mtaona alama ya Ikweta kando ya barabara. Mtu anayeishi juu ya mstari huo ana sababu gani ya kuianza siku yake usiku wa manane, akiwa usingizini? Hapa Kisumu, mwaka mzima, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi. Mtu wa London hawezi kusema maneno hayo. Katikati ya mwaka jua lake huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwezi wa Desemba humkawiza hadi saa mbili asubuhi imepita. Yeye hawezi kulitegemea jua kama mwanzo wa hesabu. Sisi tunaweza. Mchana wetu ni saa kumi na mbili, usiku wetu ni saa kumi na mbili, na saa ya kwanza ya mwanga inapotimia tunaiita saa moja. Waethiopia hufanya vivyo hivyo.

Watu wa Biblia pia. Wanaosoma Injili ya Mathayo wanaukumbuka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwishowe saa kumi na moja, na jioni akawalipa wote dinari moja. Msomaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo kwa nini wale wa kwanza walinung'unika: yule wa saa kumi na moja amefanya kazi saa moja tu na jua likatua! Msomaji wa Kiingereza hawezi kulielewa hilo bila maelezo pembeni mwa ukurasa. Hesabu ya saa ya bibi yako pale Siaya imekaa karibu zaidi na ya Palestina ya wakati ule kuliko ya profesa wa Oxford.

Sasa mtazameni mtoto. Juu ya ukuta wa darasa kuna saa, mkono mfupi uko kwenye 8. Kipindi cha Kiingereza anatakiwa aseme nane. Kengele inalia, anaingia mwalimu wa Kiswahili, na mkono uleule anatakiwa aseme mbili. Nimewahi kuliona daftari ambamo mtoto aliandika "saa nane asubuhi" akawekewa mkasi mwekundu na sufuri kando yake, bila neno lolote zaidi. Mtoto yule aliusoma mshale sawasawa. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba kuna mianzo miwili, moja usiku wa manane na nyingine asubuhi, na kwamba tofauti yake ni sita daima. Mwambieni achore mstari kutoka 8 upite katikati ya saa, utaangukia 2. Achore kutoka 11, utaangukia 5. Kutoka 3, utaangukia 9. Somo hilo ni la dakika kumi, na ndani yake kuna hisabati ambayo vyuo vikuu huifundisha kwa majina makubwa.

Waheshimiwa, kuna vitu ambavyo watu hawavihesabu. Hili nalo ni sehemu ya kufikiri juu ya nambari, na vitabu vyetu hulipita kimya.

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja upande wa Nandi Hills ana ng'ombe wangapi. Aliniangalia, akasema, "Wapo." Nikadhani hajui. Jioni walipoingia zizini alisimama mlangoni na fimbo, hakusogeza kidole wala mdomo, kisha akamwambia kijana wake arudi bondeni, yule mwenye paji jeupe amebaki. Idadi hakuitaja, lakini aliyekosekana alimjua kwa rangi na kwa jina. Kwa wafugaji wengi wa nchi hii kumhesabu ng'ombe au mtoto kwa kidole ni kumwitia balaa. Ndugu zetu Wakikuyu pale Nakuru huwataja mabinti wa Mumbi, mama wa koo zao, kuwa kenda muiyuru, yaani tisa iliyojaa, ingawa koo zenyewe ukizitaja moja moja zinafika kumi. Na kabla hatujaita hayo ushirikina, tufungue kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24: Mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe, ikaja tauni, wakafa watu sabini elfu. Sensa ya mwaka 2019 ilitupata tukiwa 47,564,296 nchini, na katika kaunti hii ya Kisumu 1,155,574. Nyuma ya kila tarakimu hizo kuna karani aliyebisha hodi usiku, na nina hakika kwamba katika boma fulani alijibiwa, "Wapo."

Kuna pia nambari zilizopewa kazi isiyokuwa ya kuhesabu. Waluo wanajua kwamba nne ni ya mwanamume na tatu ni ya mwanamke, toka siku za mtoto mchanga kukaa ndani hadi siku za matanga. Kwa Wabukusu, jando hufanyika mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti; mwaka wa witiri hata uwe na mavuno ya kushangaza, kijana atangoja.

Na miaka yenyewe inahesabiwaje? Sisi walimu tunachora mstari ubaoni, tunaweka sufuri, tunaelekea kulia bila mwisho. Mbukusu hakuchora mstari. Alichora duara lenye marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Kila rika huchukua miaka kumi hivi, na yakiisha yote yanaanza upya, kiasi kwamba mzunguko mmoja unakaribia karne. Wakalenjin wana duara linalofanana nalo, na baadhi ya majina ni yaleyale: Maina, Chumo, Sawe. Wachina wana mzunguko wao wa miaka sitini. Mtu wa duara ukimwuliza alizaliwa lini atakutajia rika, na kwa kulitaja umejua umri wake, umejua aliotahiriwa nao, umejua yupi humwamkia kwa heshima na yupi anaweza kumtania. Nambari 1963 haiwezi kukuambia mambo hayo. Kwa upande mwingine, rika haliwezi kukuambia siku ya malipo ya pensheni. Kila moja ina kazi yake, na mzee mwenye kitambulisho mfukoni na rika kichwani anazitumia zote mbili bila kuchanganyikiwa.

Nirudi darasani. Watafiti waliowalinganisha watoto Wachina na Wamarekani waliona kwamba Wachina hutangulia hasa katika nambari kati ya kumi na ishirini, na sababu mojawapo ni kwamba Kichina husema kumi-moja, kumi-mbili, ilhali Kiingereza kina majina ya pekee yasiyoonyesha kumi iliyo ndani yake. Sasa sikilizeni lugha zetu. Kiswahili: kumi na moja. Dholuo: apar gachiel. Kumi inasikika wazi. Kiswahili kilipoazima ishirini na thelathini kwa Waarabu, kiliacha kule kule desturi ya Kiarabu ya kutanguliza mamoja, ya kusema nne na ishirini kama Mjerumani. Kikashika mpangilio wake wa Kibantu, ishirini na nne, ambao unafuata hasa tarakimu zinavyokaa kwenye karatasi. Mtoto wetu anafika shuleni na faida ambayo Mchina anasifiwa nayo. Tunaifanyia nini? Sera yetu ya elimu inaruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya mwanzo, lakini wapo walimu wanaokimbilia Kiingereza wiki ya kwanza, na wapo wazazi, nawaomba radhi, wanaowadai walimu wafanye hivyo.

Ninapendekeza mambo mawili kwa muhula ujao. Kwenu walimu: mtoto akikosea nambari, mwulizeni kwanza amehesabuje, kabla kalamu nyekundu haijagusa daftari. Mpeni nafasi aonyeshe kwa vidole, kwa trei ya mayai, kwa saa, kwa lugha yoyote. Mara nyingine mtakuta kosa, na mara nyingine mtakuta hesabu sahihi iliyoanzia mahali pengine. Kwenu wazazi: mkifika nyumbani mketi na wazazi wenu, mwandike nambari kuanzia moja hadi mia katika lugha ya nyumbani, iwe Dholuo, Kibukusu, Kilogoli, Kinandi, Gikuyu au Kigusii, pamoja na namna wazee walivyoonyesha kila nambari kwa vidole, kwa sababu ishara za mikono ndizo zinazosahaulika kwanza. Mpeni mwalimu karatasi hiyo siku ya kufungua shule. Walimu wa shule tatu zilizo hapa leo wameniahidi kuzibandika ukutani karibu na chati ya kuzidisha, nami nitapita kuziona.

Mwenyekiti, nimeuona mkono wa yule kijana wa pale nyuma tangu nilipotaja sufuri kugawanywa kwa sufuri. Naomba apewe kipaza sauti kwanza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.